Fundi Bogonko Bado Yuko Hewani

Nelvine Chepchumba alipofungua ofisi yake pale Kaplong, Septemba ya mwaka wa tisini na nane, mtu wa kwanza kuingia alikuja na mita tatu za kitenge na picha ya gauni aliyoikata kwenye gazeti. Aliitwa Drusilla, mke wa mwenye duka la dawa za mifugo, na alikuwa na harusi Ndanai mwisho wa mwezi. Bango la mlangoni lilisema NELVINE WEB DESIGN. Neno la kati hakulijua, lakini "design" alilijua vizuri, maana mafundi cherehani wa kutoka Sotik hadi Kericho walikuwa wameliandika milangoni mwao. Nelvine alimkalisha, akamweleza kwamba yeye hashoni nguo, anatengeneza kurasa ambazo mtu mwenye kompyuta popote duniani anaweza kuzisoma. Drusilla alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hilo gauni linaweza kutiwa mikono mirefu.

Wiki hiyo hiyo mwanamume mmoja aliulizia neti za mbu. Mwingine, ambaye mke wake alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, alitaka kujua kama hapo ndipo watu wanapopigwa eksirei. Baba yake Nelvine, Mzee Aron, mkulima wa chai na mfugaji wa ng'ombe watatu wa maziwa, alipoulizwa na wenzake binti yake amefungua nini, alijibu kwamba ni mambo ya kompyuta; walipomuuliza kompyuta ya kufanya nini, akasema yeye si mtu wa kuingilia kazi ya mtu mzima. Hata mchungaji, Jumapili alipotaka kuiombea kazi hiyo, alisita katikati ya maombi akitafuta jina lake, na mwishowe akamwomba Mungu aibariki "ile biashara ya Nelvine, ambayo wewe Bwana unaijua."

Nelvine alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama anaijua.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Sita kati ya hiyo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai upande wa Mogogosiek, na huko ndiko alikoizoea kompyuta. Aliposikia kwamba Nairobi kuna darasa la wiki tatu la kutengeneza websaiti, aliomba likizo, akaenda, na aliporudi akaandika barua ya kuacha kazi. Darasa lile lilikuwa na watu ishirini na laini moja ya intaneti. Zamu yake ya kuiona intaneti yenyewe ilikuwa dakika kumi, na tisa ziliisha akingojea ukurasa wa chuo kimoja cha Amerika ufunguke. Alichoondoka nacho kilikuwa kitabu kinene cha maagizo, kompyuta ya mkono wa pili, na imani.

Kaplong hakukuwa na laini ya kuunganisha kompyuta hiyo. Simu ya Nairobi ilikatika kila ngurumo zilipoanza, na katika nchi ya chai ngurumo huanza karibu kila siku saa nane mchana. Kwa hiyo utaratibu wake ulikuwa huu: ataandika ukurasa ofisini kwake, atauhifadhi kwenye disketi, ataituma disketi kwa basi hadi kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa ghorofa ya tatu, na huko mama mmoja aitwaye Rodah ataupandisha kwenye intaneti. Ina maana Nelvine alikuwa ameanzisha biashara ya kutengeneza kitu ambacho hangeweza kukiona. Jambo hilo lilimjia mara nyingi akiwa amekaa peke yake mbele ya skrini, na kila lilipomjia alisimama akafagia ofisi.

Jirani yake ukutani alikuwa fundi wa redio, mzee wa Kikisii aitwaye Bogonko. Alikuja Kaplong akiwa kijana, akanunua ploti nyuma ya soko, akalea watoto wanne na mkewe Nyambeki, na kwa miaka thelathini alitengeneza redio za sehemu hiyo yote. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimletea redio aliigonga mara moja kwa kidole, akaitegea sikio, akasema, "Rudi Alhamisi."

Mwezi wa kumi radi ilipiga mahali fulani karibu, na kompyuta ya Nelvine ikazimika. Bogonko aliifungua, akakaa nayo siku mbili, akachomelea vitu viwili vitatu kwa risasi ya kuyeyusha, nayo ikawaka. Nelvine alipomuuliza amlipe vipi, mzee aliketi juu ya kiti cha wateja kwa mara ya kwanza, akaitazama skrini.

"Hii kitu yako," alisema, "mtu wa mbali akiisoma, atanijibu na nini?"

Nelvine alishangaa kidogo. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Akasema, "Kama tumeandika sanduku lako la posta, atakuandikia barua."

"Basi niandikie."

Shida yake aliieleza taratibu. Kwenye rafu ya kibanda chake kulikuwa na redio sita kubwa za mbao, za wakati wa masetla wa kizungu, ambazo wenyewe walizirithi au walizinunua masetla walipoondoka. Redio hizo hazitumii vifaa vya siku hizi. Ndani yake kuna valvu, vitaa vya kioo vyenye namba, na valvu ikiungua hakuna duka Kericho, Kisumu wala Nairobi linaloiuza. Redio sita zilikuwa zimekaa pale miaka, kama wagonjwa waliosahauliwa wodini, na kila mwenye redio akipita barabarani huchungulia. Bogonko aliamini kwamba mahali fulani duniani kuna mzee kama yeye aliye na valvu hizo kwenye sanduku na hajui azipeleke wapi.

Nelvine aliandika ukurasa kwa siku nne. Juu aliweka jina, chini yake maneno machache kwa Kiingereza: mimi ni fundi, ninatengeneza redio za zamani, natafuta valvu zifuatazo. Kisha zikafuata namba, UCH 81, UL 84 na nyingine nane, ambazo Bogonko alimtajia bila kuangalia popote. Mwisho wa ukurasa akaweka sanduku la posta. Mzee alisisitiza picha. Alisema mtu hawezi kumtumia kitu mtu asiyemjua sura. Wakamwita mpiga picha wa mjini, na Bogonko akasimama mbele ya kibanda na kofia yake, amekumbatia redio moja kama mtoto. Picha hiyo ilikwenda Nairobi pamoja na disketi, ili Rodah aiingize huko.

Siku ya tisa Nelvine alipiga simu. Rodah akamwambia, "Iko hewani," na laini ikakatika.

Bogonko aliipenda sana hiyo "hewani". Aliuliza ni masafa gani. Nelvine alijaribu kumweleza kwamba si redio, ni kitu kinachokaa mahali pamoja na watu ndio wanaokiendea, lakini alipokuwa akieleza aligundua kwamba hajui kinakaa wapi. Nairobi? Amerika? Kitabu kilisema kinakaa kwenye kompyuta kubwa isiyozimwa, ila hakikusema iko nchi gani. Kisha mzee akasema hata yeye hajawahi kumwona mtu anayesoma habari, na habari zinafika.

Wiki saba zilipita. Mara nyingi Nelvine aliwaza kwamba Rodah amemdanganya, na kwamba amemdanganya mzee wa watu bila kujua. Aliacha kupita mbele ya kibanda asubuhi, akawa anazungukia nyuma. Kisha mwanzoni mwa Desemba Bogonko aliingia ofisini na kifurushi. Kilitoka Uholanzi, kwa mzee mmoja aitwaye Hendrik aliyekuwa mtu wa redio melini enzi za ujana wake. Ndani ya soksi ya sufu kulikuwa na valvu mbili, kila moja imefungwa kwa gazeti. Barua ilisema ameiona picha, ameipenda redio ile kwa sababu mama yake alikuwa na redio kama hiyo, na anaomba aambiwe kama itaimba.

Jumamosi hiyo redio ya kwanza iliimba. Watu walijaa mbele ya kibanda. Baada ya hapo vifurushi vilikuja kimoja kimoja, kutoka Uingereza, Denmaki, Nyuzilandi, na Nelvine ndiye aliyezisoma barua na kumwandikia mzee majibu.

Ungedhani biashara sasa ingeshika. Watu walikuja kweli, ila walikuwa wameelewa kwamba Nelvine ana njia ya kupata vifurushi kutoka kwa wazungu. Mmoja alitaka trekta. Mwingine alileta vipimo vya viatu vya watoto wake. Kikundi kimoja cha akina mama wa maziwa kilikubali kutengenezewa ukurasa, lakini mwenyekiti wao alipoambiwa hataweza kuuona, alirudi nyumbani kutafakari na hakuonekana tena. Nelvine aliandika kwenye daftari lake: *Nauza nini hasa?* Kisha akafunga daftari.

Aprili, mvua zilipokuwa zimekolea, Bogonko alilalamika kifua siku ya Jumanne. Jumatano alilazwa. Ijumaa saa nne asubuhi Nyambeki alipita sokoni akiwa amejifunga leso kiunoni, akiongozwa na majirani wawili, na watu walijua bila kuambiwa. Alizikwa katika ploti yake, kando ya nyumba, na redio nne kati ya zile sita zilikuwa zimekwisha rudi kwa wenyewe zikiwa nzima.

Wiki mbili baada ya maziko, kikaratasi cha posta kilikuja: kifurushi, jina Bogonko. Nyambeki alikichukua akidhani ni kitu cha zamani kilichochelewa. Wiki iliyofuata vikaja viwili. Kimoja kilikuwa na barua yenye picha ya kizee cha kizungu kilichosimama mbele ya kibanda chake mwenyewe, kimekumbatia redio, kikimwiga Bogonko. Nyambeki hakujua Kiingereza. Aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akamwita shemeji yake, Omwenga, aliyekuwa mwalimu mstaafu na ndiye aliyeshika mambo ya familia.

Omwenga alikuja ofisini kwa Nelvine amevaa koti, na Nyambeki nyuma yake. Hakukaa.

"Binti," alisema, "ndugu yangu tumemzika. Ulikuwepo, ulikula kwetu. Sasa anaandikiana na watu gani?"

Nelvine alieleza. Alieleza kwamba ukurasa hauna habari ya kifo, unabaki vile ulivyoandikwa, na mtu akiusoma leo anadhani fundi yuko.

"Kwa hiyo huko anaonekana mzima," Nyambeki alisema.

"Anaonekana vile alivyokuwa siku ile ya picha, Mama."

"Na anaomba."

Ilikuwa kweli. Mzee alikuwa amesimama mahali fulani, hakuna ajuaye wapi, akiomba valvu kwa kila aliyepita. Omwenga alisema maneno mengine, mengine mazito, kwamba kuna watu sokoni wanaosema binti wa Aron anafanya biashara kwa jina la marehemu. Alimaliza kwa kusema, "Mtoe huko. Akapumzike." Nelvine akaahidi, nao wakaondoka.

Kumtoa kulikuwa kazi ambayo kitabu hakikuifundisha. Kilikuwa na sura kumi na nane za kuweka vitu. Nelvine alipiga simu Nairobi, ililia, haikupokewa. Alipiga kesho yake na keshokutwa. Alituma disketi yenye ukurasa mtupu na barua ya maelezo, disketi ikarudi na basi lile lile, karani wa basi akasema ofisi hiyo imefungwa. Hapo ndipo Nelvine alipoingiwa na hofu kamili. Kama kampuni haipo, ukurasa uko wapi? Na kama hauko, hivi vifurushi vinatoka wapi? Alimuuliza baba yake, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Mzee Aron alifikiri, akasema bango la mtu likikushinda kuling'oa, unaenda kwa aliyelichimbia nguzo. Basi alikwenda Nairobi.

Mlinzi wa jengo lile alimwambia kampuni haikufa, ilihama, akamwonyesha mtaa wa pili. Alimkuta Rodah kwenye chumba kidogo chenye mashine zinazovuma, mwanamke mrefu mwenye sweta na miwani kwenye kamba. Walikuwa wamesalimiana kwa simu mara kumi na hawakuwa wamewahi kuonana. Nelvine alieleza kilichomleta. Rodah alimpa pole, akasema ni kazi ya dakika moja, kisha akauliza, "Unataka kuuona kwanza?"

Nelvine hakuwa amelifikiria hilo. Katika hofu yote ile alikuwa amesahau kwamba hajawahi kuona kazi yake.

Ukurasa ulifunguka polepole. Jina lilikuja kwanza. Rangi haikuwa ile aliyoichagua. Yeye alitaka kijani cha majani chai, hii ilikuwa kijivu, na mistari miwili ilikuwa imepandana. Aliona aibu, akataka kuomba kalamu arekebishe. Ndipo picha ikaanza kushuka, ukanda mmoja baada ya mwingine, kutoka juu. Bati la kibanda. Kisha anga kidogo. Kisha kofia. Ikakwama hapo kwenye kofia kwa muda, mashine zikivuma, na Nelvine akajikuta ameshika ukingo wa meza. Kisha paji la uso, nyusi, macho. Mzee Bogonko alimtazama kama alivyotazama redio iliyoharibika, bila haraka.

Chini kabisa palikuwa na namba: 2,306. Nelvine aliuliza ni ya nini. Rodah akamwambia ni mara ambazo ukurasa umefunguliwa. Nelvine alifikiri amesikia vibaya. Hata siku ya soko Kaplong haikuwa na watu elfu mbili.

"Nifute?" Rodah aliuliza.

"Ukifuta, mtu akija ataona nini?"

"Ataambiwa hakuna ukurasa kama huo."

"Atajua kwamba amekufa?"

"Hatajua chochote. Ataona tu haupo."

Omwenga alisema mtoe, na ndilo Nelvine alilokubali. Lakini Hendrik alikuwa ameandika mara tatu, na katika barua ya mwisho alikuwa ameuliza kwa nini Bogonko amenyamaza, kama amemuudhi. Ukimwondoa mzee kimya kimya, Hendrik atabaki anajilaumu. Usipomwondoa, ataendelea kuomba akiwa kaburini. Nelvine alitoka nje kwenye ngazi, akasimama huko, akarudi. Rodah hakumharakisha. Alikuwa ameanza kazi nyingine.

Mwishowe alifanya hivi, na baadaye hakuweza kueleza vizuri kwa nini alifanya hivi na si vile. Alimwomba Rodah aondoe picha, kwa sababu aliahidi kumtoa. Aliondoa orodha ya valvu. Aliacha jina, na chini yake akaandika kwamba fundi Bogonko alifariki Aprili 1999, kwamba valvu zilizotumwa zilifufua redio nne, kwamba familia inashukuru na inaomba asitumiwe kitu tena. Rodah alimchapia ile picha kwenye karatasi kabla ya kuifuta. Nelvine akaondoka, na hakukumbuka kuondoa sanduku la posta mwisho wa ukurasa.

Siku iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Nyambeki na ile karatasi. Alimkuta akipanga ndizi za kupeleka sokoni. Alimweleza yote kwa mpangilio, akitarajia ashukuriwe au agombezwe. Nyambeki aliuliza jambo moja tu.

"Umetoa sura ukaacha jina?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini usingetoa jina ukaacha sura? Mtu akiona jina langu peke yake, hanijui. Sura ndiyo walikuwa wameipenda."

Nelvine alisema alidhani sura ndiyo iliyowaumiza. Nyambeki akasema iliwaumiza, ndiyo, na akarudi kwenye ndizi zake. Nelvine aliketi pale kwenye benchi, karatasi mkononi, asijue kama anatakiwa aende au abaki. Baada ya muda Nyambeki alimletea chai na viazi vitamu, kwa hiyo akabaki.

Juni barua zilianza tena. Hazikuwa na vifurushi. Zilikuwa bahasha nyembamba, na Omwenga ndiye aliyezifungua, kwa kuwa Kiingereza alikijua. Aliisoma ya kwanza amesimama posta, akaisoma tena amekaa. Kulikuwa na mtu wa Denmaki aliyesema hamjui Bogonko lakini amezizima redio zake siku nzima kwa heshima yake. Hendrik aliandika kurasa tatu. Mwanamke mmoja wa Nyuzilandi aliandika mstari mmoja: poleni sana, mume wangu pia alikuwa fundi. Zilifika kumi na nne. Omwenga alizileta kwa Nelvine akiwa na uso wa mtu aliyepewa chenji zaidi ya fedha aliyotoa.

"Hawa," alisema, "tunawafanyia nini? Kwa desturi, mtu akija matanga unampa chakula. Hawa nitawapa nini?"

Nelvine alisema labda wajibiwe. Wakazijibu, mchana wa siku mbili mfululizo, Omwenga akitamka na Nelvine akipiga chapa, Nyambeki akiwa kwenye kiti cha wateja akitaka kila jibu litafsiriwe kwa Kiswahili kabla halijatiwa kwenye bahasha. Katika mchana wa pili Nyambeki alisema wairudishe picha. Nelvine alingoja kama Omwenga angekataa. Hakukataa. Nelvine akaandika barua kwa Rodah siku hiyo hiyo, kwamba aiingize tena ile picha waliyomtumia mwanzo, ingawa alitazama mlango mara mbili akidhani mwalimu atarudi kubadilisha nia.

Habari ya zile barua kumi na nne ilizunguka kuliko habari ya valvu. Mwezi wa saba alikuja mama mmoja kutoka Ndanai ambaye kijana wake alikwenda kusoma India akaacha kuandika. Alitaka ukurasa wa kumwambia kijana huyo kwamba nyanya yake amefariki. Akaja mzee aliyetaka kutangaza kwamba amewasamehe ndugu zake, wote watatu, popote walipo. Wawili hao walifuatwa na wengine. Hakuna aliyeuliza atauona wapi ukurasa wake. Hakuna aliyeleta kitenge. Nelvine alikuwa na kazi ya kutosha mpaka akaajiri mpiga chapa wa nusu siku, na bado hakuweza kusema amefungua biashara ya namna gani. Darasani Nairobi walimfundisha kwamba ukurasa ni wa kuuza bidhaa. Watu wake hawakuwa na bidhaa. Walikuwa na mambo ya kusema, na walilipa ili yasemwe mahali wasipopajua, kwa watu wasiowajua, na walitoka mlangoni wakitembea kwa wepesi. Wakati mwingine aliwatazama dirishani akajiuliza kama anawasaidia au anawahadaa.

Jambo moja tu alikuwa na hakika nalo. Alitengeneza fomu, na kwenye fomu hiyo, baada ya jina na sanduku la posta, aliweka swali ambalo hakulikuta kwenye kitabu chochote: *Nani atatuambia siku ya kukuondoa?*

Swali hilo liliwasumbua watu kuliko bei. Novemba alikuja Kipyegon, mkulima wa chai kutoka upande wa juu wa mto, mtu mnene mcheshi aliyesifika kwa asali. Alitaka ukurasa wa mizinga yake. Alijaza fomu haraka haraka akipiga soga, hadi alipofika kwenye swali lile, kalamu ikasimama. Akauliza maana yake. Nelvine alimweleza bila kuzungusha. Kipyegon aliishika kalamu muda mrefu.

"Mke wangu hajui kusoma," alisema. "Watoto wako mbali. Ndugu yangu hatuongei." Akafikiri. "Lazima niandike?"

"Si lazima leo."

"Ukiacha wazi, inakuwaje?"

Nelvine alitaka kumpa jibu la mtu mwenye ofisi na bango mlangoni. Alilitafuta. "Sijui, Mzee," alisema. "Nadhani unabaki."

Kipyegon aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akasema atarudi. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Nelvine alimwona akivuka barabara, akifika upande wa pili, akisimama chini ya paa la duka la dawa za mifugo na kuitoa tena ile karatasi, akiisoma.